Saa Nyuma ya Nguzo

Usijifanye hujui. Wodi ile umeshaingia. Siku ya kwanza ulibeba mfuko wa matunda, ukasimama dakika kumi kando ya kitanda cha mama yako, ukatazama simu, ukatazama dirisha, ukatazama hata chandarua kilichofungwa fundo juu ya kichwa chake. Mtu mmoja hukumtazama: mwanamke wa sare aliyekuwa ameinama, mkono mmoja chini ya bega la mama yako na mwingine chini ya nyonga, akimgeuza alalie ubavu wa pili. Alikuomba usogee kidogo. Ulisogea. Jina lake hukuuliza.

Wodini wanamwita Sista Kwanini. Walimpa jina hilo kwa kumkejeli, naye akalivaa kama kofia inayomkaa vizuri. Ana miaka arobaini na saba, ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza katika wodi ya wanawake, na haoni kitu kikapita bila kukiuliza kinatoka wapi.

Jumatatu ile, baada ya zamu ya asubuhi, alikwenda kusimama mbele ya dirisha la udahili la chuo, sare yake imekunjwa ndani ya mkoba.

"Shikamoo mama," alisema karani, kijana mwenye kalamu mbili sikioni. "Umemletea mtoto fomu?"

"Marahaba. Nimejiletea mwenyewe."

Karani alimtazama, akatazama nyuma yake kana kwamba mtoto angetokea tu, kisha akaona haya. "Samahani mama. Shahada ya nini?"

"Uzamili wa uuguzi."

"Una shahada ya kwanza?"

"Nina stashahada. Muuguzi niliyesajiliwa."

"Basi sikiliza." Alitoa kalamu moja sikioni akaanza kuchora kwenye karatasi chakavu. "Milango iko mitatu. Wa kwanza ni wa wenye shahada ya uuguzi. Hao wanaingia moja kwa moja. Wa pili ni wa watu kama wewe. Unasoma shahada kwanza, miaka mitatu. Halafu unafanya kazi miaka miwili. Halafu ndiyo unarudi hapa kuomba uzamili, miaka miwili mingine."

"Kazi si nimeshafanya ishirini na miwili?"

"Hiyo uliifanya bila shahada, mama. Haihesabiki."

Sista Kwanini alipiga hesabu kichwani. Saba juu ya arobaini na saba. Angevaa joho la mahafali leo na kuanza kuhesabu siku za kuagwa kazini kesho.

"Na mlango wa tatu?"

Kijana alishusha sauti bila sababu. "Umefunguliwa mwaka huu, kwa majaribio. Mwakani hakuna anayejua. Ni wa muuguzi aliyesajiliwa, mwenye miaka kumi na kuendelea kazini, ambaye ana jambo alilolibuni mwenyewe likabadilisha huduma. Unaliandika, unaambatanisha ushahidi. Wakikukubali unasoma mwaka mmoja wa kuvukia, kisha unaingia uzamili. Mwisho wa maombi ni Ijumaa hii, saa sita mchana."

"Wameomba wangapi?"

"Hakuna. Hawajui kama upo."

"Kwa nini hawajui?"

"Tangazo tumelibandika." Alielekeza kalamu ndani ya ofisi, kwenye ukuta wa nyuma, ambako ukingo wa karatasi ulichungulia kando ya kabati la chuma.

"Kwa nini mmelibandika ndani?"

"Nje mvua ingelilowesha, mama."

*

Nyumbani alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akamwaga madaftari saba juu ya meza ya kulia chakula. Mumewe, fundi wa majokofu, aliinua sahani yake kuinusuru.

"Leo tunakula madaftari?"

"Leo unanisaidia kuyapanga. Lile lenye jalada la kijani ndilo la kwanza."

Ili uyaelewe madaftari yale, sharti ujue desturi moja ya wodini. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini hana nafasi ya kurudi mezani kuandika kila anachokifanya. Anachana kipande cha plasta, ile nyeupe ya kufungia vidonda, anakibandika kwenye paja la sare yake, na kila akimaliza jambo anaandika hapohapo: *K11, saa nne, ubavu wa kushoto*. Yaani kitanda cha kumi na moja, kageuzwa saa nne. Zamu ikiisha anayahamishia kwenye kitabu cha wodi, plasta anaitupa. Wote huitupa. Sista Kwanini alikuwa akizibandika zake kwenye daftari, kwa sababu kulikuwa na jambo lililomnyima raha.

Vidonda vya kulalia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, asipogeuzwa kila saa mbili, nyama ya mgongo huanza kuoza angali hai. Vitanda namba moja hadi nane vilikuwa na vidonda vichache. Vitanda tisa hadi kumi na nne, vile vilivyo nyuma ya nguzo kubwa ya katikati, vilikuwa navyo tele. Hospitali ileile, magodoro yaleyale. Kwa nini?

Alibadilisha magodoro, akayavusha kutoka upande huu kwenda ule. Vidonda havikuyafuata magodoro. Akalaumu unyevu wa ukuta, akalaumu uzito wa wagonjwa, akajilaumu na yeye. Ikaja siku akakaa kwenye kigoda nyuma ya nguzo kula mkate wake, akataka kujua muda uliobaki, akainua macho. Hakuona saa. Saa pekee ya wodi ilitundikwa upande wa pili, na nguzo iliifunika yote.

Wageuzaji wa kweli wa wodi ile ni ndugu wa wagonjwa. Wauguzi huwafundisha, kisha hao ndio hukaa. Alimuuliza binti aliyekuwa akimuuguza mama yake kitanda cha kumi na mbili, "Mwanangu, unajuaje kama saa mbili zimepita?" Binti akajibu, "Nakisia kwa kivuli cha dirisha, dada. Kukiwa na mawingu namwachia Mungu."

Ndivyo ilivyokuja ile saa ya pili, akaitundika ukutani nyuma ya nguzo.

"Saa ya marehemu mume wangu," alidakia mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. Miaka sabini na minne alikuwa nayo, na masikio yaliyosikia alichotaka tu. "Alipewa kwa heshima na karakana nzima ya reli, ikaja kuning'inizwa inatazama mabeseni."

"Niliomba, Mama."

"Uliomba wiki moja. Wiki gani hiyo yenye miaka sita?"

"Mama, vidonda vilipungua. Katika vitanda sita, mwezi wa kwanza walikuwa tisa, mwezi wa tatu wawili."

"Na mimi kwa miaka sita nauliza majirani saa ngapi kama mgeni." Akaushika mkongojo wake. "Hiyo shule yenyewe, ukisoma utapata nini ambacho hukijui? Si umeshajua saa inaonyesha saa?"

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka; swali lilikuwa la haki.

"Ile ilinichukua miaka minne, Mama. Nilikisia kama binti wa kitanda cha kumi na mbili. Nataka kujua namna ya kujua. Sasa hivi kuna jingine: wagonjwa wetu hawanywi maji. Nahesabu vikombe, kila siku vinarudi vimejaa. Kwa nini? Nikikisia tena miaka minne, wangapi watakuwa wameharibika figo?"

Mama mkwe aliulaza mkongojo mapajani. "Msala uko umbali gani?" aliuliza.

Mkwewe alimgeukia taratibu, akachukua kalamu.

*

Fomu aliipeleka Jumanne asubuhi. Jumanne alasiri karani alimpigia simu, sauti imepoa.

"Mama, maombi yako yamewekwa kando. Wanasema kazi hii imenakiliwa. Iko kwenye tasnifu ya mtu, maktaba."

Alikwenda. Mkutubi alimfungulia tasnifu yenye jalada jeusi na herufi za dhahabu, akamsimamia asije akaigusa kwa mikono michafu. Ilikuwa safi kabisa mikono ile. Imeoshwa mara arobaini kwa siku. Alisoma amesimama. Nguzo yake ilikuwamo. Vitanda vyake tisa hadi kumi na nne vilikuwamo, magodoro yaliyovushwa yalikuwamo, tisa wakawa wawili. Ukurasa wa hamsini na tatu kulikuwa na picha ya saa ya baba mkwe, ukutani nyuma ya nguzo, imepigwa vizuri. Mwenye tasnifu alikuwa daktari aliyepita wodini miaka mitano iliyopita, kijana mcheshi ambaye wauguzi walimbandika jina la Tabasamu.

Akakumbuka. Tabasamu alimwambia, "Sista, naazima hayo madaftari yako siku mbili tatu." Naye akampa. Makabidhiano ndiyo dini ya muuguzi: zamu ikiisha unamkabidhi anayekuja kila unachokijua, kitanda kwa kitanda, hubakizi kitu, maana unachokibakiza kinaweza kumuua mtu. Miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa imezoea kutoa. Hakudai hata karatasi ya sahihi. Nani anamdai sahihi mwenzake wa zamu?

Ukurasa wa nne, kwenye shukrani, baada ya mke, wazazi na mchungaji, palikuwa na mstari mmoja: *na wauguzi wote wa wodi*.

Alimpigia akiwa kwenye ngazi za maktaba.

"Sista Kwanini! Siku nyingi! Bado unahoji watu?"

"Nahoji. Daktari, ile habari ya saa ni ya nani?"

"Ile ilikuwa kazi ya pamoja, Sista. Nilikushukuru, hukuona?"

"Niliona wauguzi wote wa wodi. Mimi ni yupi kati yao? Nahitaji barua, mistari miwili tu, useme saa niliitundika mimi kabla wewe hujafika."

"Sasa dada yangu, tasnifu si barua ya mapenzi ukaifuta. Mimi hivi sasa nimependekezwa kuwa mkuu wa idara. Nikiandika hivyo nitaonekanaje?"

"Utaonekana umesema kweli."

"Tuongee wiki ijayo," alisema, kwa upole uleule uliomfanya kila mtu ampende, akakata.

Mimi ninayekusimulia haya, watu wananiita mkali. Naomba mnionyeshe ukali uko wapi hapa: mtu anaibiwa kwa tabasamu, kisha yeye ndiye anaitwa mwizi.

*

"Chuo kimenipigia simu. Nani alikutuma utoe madaftari nje ya wodi?" aliuliza Metroni, mkuu wa wauguzi, Jumatano asubuhi, bila kumkaribisha kiti.

"Ni plasta zangu, Metroni. Zingetupwa."

"Hata taka za hospitali ni mali ya hospitali." Alifungua jalada, akapitisha kidole kwenye orodha ndefu. "Na nimetafuta hiyo saa yenu. Haimo. Hospitali haijawahi kununua saa ya pili. Unajua maana yake?"

Sista Kwanini aliona mwanga. "Maana yake ilitoka kwangu. Metroni, hebu niandikie hivyo hivyo, haimo kwenye orodha…"

"Maana yake ni kitu kigeni ukutani. Kiondoe."

Aliazima ngazi kwa mlinzi, yuleyule aliyeishika siku ile ya kuitundika saa. Alipanda akiwaza: vema, basi nitakwenda nayo chuoni, niiweke mezani mwao, ina kibati nyuma chenye maandishi ya karakana. Ushahidi gani utauzidi huo? Mikono ilikuwa tayari imeshika kingo za saa pale alipomsikia mwanamke anayeuguza kitanda cha kumi akimwambia mwenzake wa kumi na moja, "Wanaichukua. Sasa tutamgeuza bibi kwa kitu gani?"

Wa kumi na moja alitoa simu yake kuukuu, akaionyesha. Imezimika. Soketi ya umeme nyuma ya nguzo haijafanya kazi tangu jengo lijengwe.

Sista Kwanini alisimama juu ya ngazi muda ambao mlinzi aliuona mrefu.

"Dada, vipi, nikushike?"

"Shika ngazi tu. Nashuka."

Alishuka mikono mitupu. Metroni alikuwa mlangoni, ameona yote. Alitazama saa, akatazama vitanda sita vile, akageuza uso kama hakupita hapo.

*

Jumatano, saa nane mchana, walimkubalia dakika kumi mbele ya jopo la udahili. Alikwenda na madaftari saba na mama mkwe mmoja, ambaye alikataa kabisa kubaki nyumbani. "Saa ni yangu," alisema. "Kesi ya saa yangu mtaisikilizaje bila mimi?"

Mwenyekiti wa jopo alikuwa Profesa mwanamke, miwani imefungwa kamba shingoni. Aliposalimiwa na Sista Kwanini alimgeukia mama mkwe, akamwamkia, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Kabla hamjanionyesha hiyo picha," alisema bibi, "niulizeni saa yangu ikoje."

"Haya, bibi. Ikoje?"

"Kioo kina mkwaruzo kwenye saa nne. Marehemu aliidondosha siku ya kuagwa kwake kazini, alitaka kucheza nayo kichwani. Mshale wa dakika umepinda ncha. Nilijaribu kuunyoosha kwa meno, ukakataa."

Profesa alifungua ukurasa wa hamsini na tatu, akavua miwani, akaivaa tena. Mkwaruzo ulikuwepo. Mshale ulikuwa umepinda. Mmoja wa wanajopo alikohoa kuficha kicheko.

"Saa ni yenu, sina shaka," alisema Profesa. "Lakini mwenye kutoa msumari si lazima awe ndiye aliyejenga nyumba. Daktari atasema wazo lake, saa yenu."

Sista Kwanini alisukuma madaftari mbele. Profesa aliyafungua. Kurasa kwa kurasa za plasta zilizokauka, nyingine na alama za iodini. Alisoma moja, akasoma ya pili, akaanza kufuata kitanda kimoja kwa kidole kama msomaji wa riwaya. "Na hapa uliyavusha magodoro? Kwa nini ulianza na la kumi na tatu?"

"Ndilo lililokuwa jipya. Nilitaka kuona kama upya unasaidia."

"Ukapima siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

Profesa aliwageukia wenzake, uso umechangamka. Kisha akarudi kwenye plasta, na uchangamfu ukapungua. "Mwaka uko wapi? Naona saa na kitanda. Tarehe sioni hata moja."

Sista Kwanini alipekua daftari zima: hakuna. Zamu moja ina tarehe moja tu, na kila aliyeko anaijua. Ni muuguzi gani anaandika mwaka kwenye paja lake? Tarehe ziko kwenye vitabu vya wodi, na vitabu vya miaka ile vilichomwa kwa utaratibu, baada ya miaka mitano.

Jopo lilinong'ona. Hatimaye Profesa alisema, "Nakuamini. Lakini kuamini kwangu hakuingii kwenye jalada. Lete sahihi kumi za watu waliokuona ukiitundika saa ile, au walioikuta nyuma ya nguzo mwaka ule, kabla ya huyo daktari. Wasiwe ndugu zako. Ijumaa saa sita tunafunga, na mlango huu sina uhakika kama utafunguliwa tena." Akaongeza, kama aliyesahau kwamba kikao kimeisha, "Na hilo la maji umeandika ukurasa wa mwisho… ni umbali wa msala?"

"Ndivyo anavyodhani mama mkwe. Sijui bado. Nataka kupima."

*

Sahihi ya kwanza ilikuwa ya mlinzi wa ngazi. Ya pili ya mfagiaji, aliyeweka dole gumba akasema, "Mimi ndiye niliyefagia vumbi la msumari." Mbili ni za wauguzi wenzake, watatu wengine walimtazama Metroni kwanza, kisha wakakumbuka kwamba mwaka ule walikuwa likizo. Nne. Zimebaki sita.

Majina ya waliouguza nyuma ya nguzo mwaka ule yapo kwenye mafaili ya wagonjwa, pamoja na namba zao za simu. Sista Kwanini hakuyafungua. "Siri ya mgonjwa si yangu kuitumia," alimwambia mumewe, aliyetaka sana kumwambia afungue.

Kwa hiyo leo Alhamisi, saa ya kutazama wagonjwa, mama mkwe ameketi kwenye kigoda nyuma ya nguzo, karatasi mapajani, mkongojo mkononi. Watu wanaingia na mifuko yao.

"Wewe baba, umewahi kuuguza hapa? Miaka sita iliyopita?"

"Sikumbuki, bibi."

"Wewe kijana, mama yako hakulala kitanda hiki cha kumi na moja?"

Kijana anatazama simu, anapita zake.

Hatua mbili kutoka hapo mkwewe ameinama, mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga. Anageuza. Anainua macho kwenye saa yenye mkwaruzo, anaandika kwenye plasta ya pajani: K11, saa kumi, ubavu wa kulia. Leo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, anaongeza tarehe na mwaka.

Kijana yule ni wewe. Mama yako alilala pale. Mgongo wake ulipona, na ulikuwa ukitazama saa ile kila saa mbili ukimgeuza, ukashukuru Mungu, ukamshukuru daktari, ukaenda zako. Usiseme hukumbuki. Rudi. Karatasi ina mistari sita mitupu, na kalamu bibi ameifunga kwa plasta kwenye mguu wa kigoda ili isiibiwe nayo. Wodi ya wanawake, nyuma ya nguzo. Kesho saa sita mchana watafunga. Weka simu mfukoni, inuka, njoo utie sahihi.